Kutaja na Kuandika Hesabu Kubwa kwa Kiingereza

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni mji wa Bariadi, ni nchi ya wakulima wa pamba. Msimu wa mauzo ufikapo, mkulima huipeleka pamba yake mizanini. Karani huipima, kisha huandika kilo zake na fedha zake. Hati za fedha, hasa zile za benki, pengine huandikwa kwa Kiingereza. Mtu asiyejua kuzisoma yu katika hatari, maana sifuri moja ikipotea, jasho la siku nyingi limepotea pamoja nayo.

Kwanza na tuangalie tofauti iliyopo kati ya lugha hizi mbili. Katika Kiswahili neno “elfu” hutangulia, na hesabu yake hufuata: twasema elfu mbili, elfu kumi. Katika Kiingereza hesabu hutangulia, na neno “thousand” hufuata: “two thousand”, “ten thousand”. Usidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mtu akisema, “Shilingi elfu ishirini na tano,” je, ni ngapi? Mmoja ataandika 25,000, mwingine ataandika 20,005. Wala hatuwezi kumlaumu hata mmoja wao, kwa kuwa maneno hayo yachukua maana zote mbili. Walakini tofauti yake ni shilingi 4,995! Kwa Kiingereza shaka hiyo haipo. Ya kwanza huitwa “twenty-five thousand”, na ya pili “twenty thousand and five”. Neno “thousand” husimama kama mpaka kati ya mashamba mawili: yanayolitangulia ni maelfu, na yanayolifuata si maelfu tena.

Sasa tujifunze kuandika. Anzia mkono wa kuume, uhesabu tarakimu tatu tatu, na baada ya kila tarakimu tatu utie mkato. Kwa mfano, katika sensa ya mwaka 2022 watu wa mkoa wa Simiyu walikuwa 2140497. Hesabu ikiandikwa hivi huyachosha macho. Tia mikato: 2,140,497. Basi twaona makundi matatu. Kundi la kuume halina jina. La katikati huitwa “thousand”. La kushoto huitwa “million”. Soma kila kundi peke yake kama hesabu ndogo, kisha utaje jina lake: “two million, one hundred and forty thousand, four hundred and ninety-seven”. Kwa hiyo, ajuaye kusoma mpaka 999 kwa Kiingereza aweza kusoma mamilioni. Yambakia kujua majina ya makundi tu.

Yako mambo manne ya kukumbuka:

1. Baada ya “hundred” Waingereza hutia neno “and”, ikiwa yako makumi au mamoja yanayofuata: “four hundred and ninety-seven”.

2. Kuanzia 21 mpaka 99, makumi na mamoja huunganishwa kwa kistari kifupi: “ninety-seven”.

3. Hesabu ikitajwa, “hundred”, “thousand” na “million” haziongezwi herufi s. Andika “five thousand”, si “five thousands”. Lakini kama hesabu haikutajwa, husemwa “thousands of people”, yaani maelfu ya watu.

4. Sifuri haitajwi katika kusoma, lakini katika kuandika haiachwi kamwe, kwa kuwa yalinda mahali pa wenzake. Hesabu “two million, five thousand and forty” huandikwa 2,005,040. Ukiziacha sifuri hubaki 254 tu.

Na laki je? Neno hili limetujia kutoka Bara Hindi, na huko mikato hutiwa kwa namna nyingine: laki moja huandikwa 1,00,000. Waingereza hawana neno moja la laki, bali husema “one hundred thousand”, na kuandika 100,000. Basi laki tatu na nusu ni “three hundred and fifty thousand”.

Jihadhari pia na neno “billion”. Zamani huko Uingereza maana yake ilikuwa milioni mara milioni. Tangu mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo imelitumia kwa maana ya milioni elfu moja, kama Wamarekani walivyokuwa wakifanya, na ndiyo maana ya “bilioni” kwetu leo. Basi usomapo kitabu cha Kiingereza cha zamani, tazama kwanza mwaka wake.

Labda utauliza, “Kwani maneno, na tarakimu zipo?” Sababu ni hii. Mdanganyifu akiona 5,000, aweza kuongeza sifuri moja na kusogeza mkato, ikawa 50,000. Lakini kuyageuza maneno “five thousand” yawe “fifty thousand” bila kuonekana ni kazi ngumu. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya hati za fedha ilisema kwamba maneno na tarakimu zisipopatana, maneno ndiyo yafuatwe. Basi, tarakimu ni nyumba, na maneno ni kufuli lake. Ujuapo vyote viwili, hapana awezaye kukupunja mizanini wala benki.

MASWALI

1. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wa Simiyu walikuwa 1,584,157. Andika hesabu hiyo kwa maneno ya Kiingereza.

2. Watu wa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 61741120. Tia mikato, kisha uisome kwa sauti.

3. “Elfu thelathini na sita” yaweza kuwa hesabu gani mbili? Ziandike zote mbili kwa tarakimu na kwa Kiingereza.

4. Andika kwa tarakimu: “four million, forty thousand and four”.