Corona ilikuja kwa ndege, ikapanda matatu

Mgonjwa wa kwanza wa corona kuthibitishwa nchini Kenya, Machi 2020, alikuwa msafiri aliyetoka Marekani akapitia London. Si ajabu. Ili kirusi kivuke bahari, kilihitaji mtu mwenye pasipoti na tiketi. Haukupita muda mrefu kikawa kimeteremka Kawangware, Eastleigh na Kibera, mitaa ambako wengi huziona ndege zikipita juu tu.

Masharti ya serikali yalisomeka kwa urahisi: nawa mikono kwa sabuni, kaa mbali na mwenzako, usitoke nyumbani. Kafyu ilianza Machi 27, na muda si muda asiyevaa barakoa hadharani akatishiwa faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha miezi sita. Aliyetunga masharti hayo, bila shaka, alikuwa na bomba jikoni na chumba cha wageni.

Sasa ingia katika chumba cha kupanga Kibera au Mukuru. Ni futi kumi kwa kumi, mabati juu na ubavuni, pazia likitenga kitanda na jiko. Humo hulala baba, mama na watoto wao wote. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Mtungi huo ndio wa kupikia, kuoshea vyombo na kuwaogeshea watoto. Kisha mama anaambiwa anawe kila anaposhika mlango. Choo nacho ni cha ploti nzima. Mgonjwa akiambiwa ajitenge, ajitenge wapi?

Halafu kuna riziki. Karani aliweza kubeba kompyuta akafanyia kazi mezani kwake. Mama anayefulia watu nguo Kilimani hawezi kufua kwa intaneti, wala mtu wa mjengo hapandishi mawe kwa simu. Kwao kutotoka ni kulala njaa, kwa hivyo walitoka.

Hili halikubaki kuwa dhana. Mwaka 2021, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pamoja na wenzao walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mawimbi ya corona nchini Kenya. Wimbi la kwanza, la katikati ya 2020, lilielezeka vyema zaidi kama wimbi la watu wa mijini wenye kipato cha chini, walioshindwa kupunguza mizunguko yao. La pili, lililokuja kuelekea mwisho wa mwaka, liliwapata wenye uwezo, ambao walikuwa wamejifungia na sasa walianza kutoka tena. Maana yake ni kwamba kujifungia kulisaidia kweli, ila kulikuwa bidhaa ya wenye mshahara.

India ilionyesha pengo hilo waziwazi zaidi. Julai 2020, karibu watu 7,000 walipimwa damu katika kata tatu za jiji la Mumbai. Katika mitaa ya mabanda, asilimia 57 walikuwa na dalili za kuwahi kuambukizwa. Nje ya mabanda, katika kata hizo hizo, walikuwa asilimia 16.

Kenya ilijiongezea shida yake yenyewe. Waliopelekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama, na hata katika vituo vya serikali bei ilikuwa karibu Sh2,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 14: Sh28,000. Kibarua gani angejitokeza kupimwa akijua bili hiyo inamsubiri? Serikali ilikubali kubeba mzigo huo Mei, baada ya malalamiko mengi.

Ni kweli kwamba vifo vilivyohofiwa katika mabanda havikufikia kiwango kilichotabiriwa, na ujana wa wakazi ulichangia pakubwa. Hiyo ilikuwa bahati ya umri. Sera haiwezi kuidai.

Wala msongamano wa mabanda ya Nairobi haukuanza jana. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, wakoloni waliliteketeza soko la Wahindi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alipendekeza, kwa jina la afya, kila rangi ya watu itengewe eneo lake. Waafrika wakapangiwa Pumwani, na Eastlands ikakua kutokea huko, huku magharibi kukiachiwa nafasi na miti. Ramani iliyodaiwa kuzuia maradhi ndiyo iliyoyaandalia makao.

Tangu 2020, vitanda vya wagonjwa mahututi vimezungumzwa sana bungeni na magazetini. Madiwani wa Nairobi watakapoketi tena kugawa fedha za afya, wahesabu pia mabomba ya Mukuru, wayaweke katika fungu hilo hilo la kujikinga na janga lijalo, na watuambie yatafunguliwa lini.