HENRY IRETON NA MPAKA WA MAPINDUZI YA WENYE MALI

Utangulizi

Tunaposoma historia ya mapinduzi, haitoshi kuuliza ni nani aliyeangushwa. Hatuna budi kuuliza pia: baada ya mtawala kuangushwa, ardhi ilibaki mikononi mwa nani, na ni nani aliyepewa sauti? Maisha ya Henry Ireton wa Uingereza (1611–1651) yanatusaidia kujibu swali hilo. Mtu huyu alitia saini hati ya kifo cha mfalme. Na mtu huyohuyo ndiye aliyesimama kuwanyima askari wake haki ya kura. Wengi huona mambo hayo yanapingana. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba yalitoka katika shina moja.

Tabaka alimotoka

Ireton alizaliwa Attenborough, Nottinghamshire, katika familia ya wenye mashamba wa kati. Hawa hawakuwa makabaila wakubwa wenye viti katika Baraza la Malodi, wala hawakuwa wakulima wadogo. Waliishi kwa kodi za wapangaji wao na kwa kuuza mazao sokoni. Walikuwa mahakimu wa wilaya zao, na ndio waliojaza viti vya Baraza la Makabwela. Ireton mwenyewe alisoma Oxford, kisha sheria mjini London.

Tabaka hilo lilikuwa na ugomvi wa kweli na Mfalme Charles wa Kwanza, aliyetawala bila bunge tangu 1629 hadi 1640 na kutoza kodi bila idhini. Zaidi ya hayo, mwenye shamba lililoshikwa kwa sharti la kumtumikia mfalme vitani alipokufa na kuacha mtoto mdogo, mfalme alichukua ulezi wa mtoto pamoja na mali yake, na aliweza kuuuza ulezi huo kama bidhaa.

Vita vilipoanza mwaka 1642, Ireton alijiunga na jeshi la bunge. Mwaka 1645, huko Naseby, aliongoza askari wa farasi wa upande wa kushoto. Alijeruhiwa, akakamatwa, kisha akaponyoka. Mwaka 1646 alimwoa Bridget, binti wa Oliver Cromwell. Mwaka huohuo bunge lilifuta masharti yale ya ardhi. Hapa tupambanue vizuri: mzigo wa mwenye shamba kwa mfalme uliondolewa, lakini mzigo wa mpangaji kwa mwenye shamba ulibaki palepale.

Mjadala wa Putney

Mwaka 1647 vita vilikuwa vimekwisha, na askari walikuwa wakidai mishahara yao. Walichagua wajumbe wao, wakashirikiana na kundi lililoitwa kwa dharau Wasawazishaji, na pendekezo la katiba likaandikwa kwa jina la Mapatano ya Wananchi. Mjadala ulifunguliwa tarehe 28 Oktoba huko Putney, kando ya mto Thames. Kesho yake hoja ikawa moja: nani apige kura? Katika wilaya, sheria ya tangu 1430 ilitoa kura kwa mwenye ardhi huru yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka.

Kanali Thomas Rainsborough alidai kwamba hata aliye maskini kabisa ana maisha yake ya kuishi, kwa hiyo hafungwi na serikali ambayo hakuikubali. Ireton alijibu kwamba kura ni ya wenye maslahi ya kudumu nchini: wenye ardhi, na wafanyabiashara wa vyama vya mijini. Kama mtu hupata kura kwa kuzaliwa tu, alisema, basi kwa haki hiyohiyo ataweza kudai mali ya mwenzake; na wengi wasio na mali wakiingia bungeni, watapitisha sheria ya kuifuta. Ndipo askari Edward Sexby akauliza: kama sisi tusio na ardhi hatuna haki nchini, tulikuwa tunapigania nini, au tulikuwa mamluki tu?

Swali hilo halikujibiwa kwa hoja. Mwezi uliofuata askari waliasi huko Ware, na mmoja wao akapigwa risasi. Januari 1649 mfalme alikatwa kichwa. Mei 1649 askari watatu waasi wakauawa Burford. Jeshi lililomwondoa mfalme lilikuwa sasa linalinda mali.

Ireland

Mwaka 1649 Ireton alikwenda na Cromwell kuivamia Ireland, na mwaka uliofuata akaachiwa uongozi. Limerick ilisalimu amri Oktoba 1651. Mwezi Novemba Ireton akafa humo kwa homa. Mwaka 1652 bunge lilitunga sheria ya kunyang'anya ardhi ya Waairishi ili kuwalipa matajiri waliokopesha vita, na askari waliodai mishahara. Askari wengi, kwa shida, waliuza hati zao kwa maofisa kwa bei ya chini. Mwaka 1641 Wakatoliki walikuwa na kama asilimia 60 ya ardhi ya Ireland. Kufikia mwisho wa karne hiyo walibaki na chini ya robo.

Mafunzo

Kwanza, tusipime siasa kwa tabia ya mtu peke yake. Rafiki yake Edmund Ludlow aliandika kwamba bunge lilipompa Ireton ardhi ya pato la pauni 2,000 kwa mwaka, alikataa, akitaka madeni ya umma yalipwe kwanza. Hakuwa mla rushwa. Alilitumikia tabaka lake kwa uaminifu, na hilo ndilo la kuchunguzwa.

Pili, ufalme uliporudi mwaka 1660, maiti ya Ireton ilifukuliwa na kutundikwa Tyburn, Januari 1661. Lakini sheria ya kuwafungua wenye ardhi haikufukuliwa: ilithibitishwa mwaka 1660, na mfalme akafidiwa kwa ushuru wa bia. Mwenye shamba alifunguliwa, mnywaji akalipa.

Tatu, hoja ya Putney iliishi muda mrefu. Wanaume wa Uingereza hawakuondolewa sharti la mali hadi 1918. Watawala wa Kiingereza walilileta hata Tanganyika: katika uchaguzi wa 1958 na 1959, Mwafrika asiyekuwa na elimu ya darasa la nane wala cheo kilichotajwa, alihitaji pato la pauni 150 kwa mwaka ili apige kura.

Basi, kila tusikiapo kwamba mapinduzi yamefanywa kwa jina la wananchi, tuulize kama Sexby: mwananchi ni nani, na ni nani aliyemhesabu?