Umeme Uliokosa Njia ya Kurudi

"Fundi, nikikanyaga breki usiku, taa ya nyuma inafifia badala ya kuongeza mwanga. Halafu indiketa zote nne zinawaka kwa mbali, na wala sijazigusa. Globu nimeshabadilisha mara mbili."

Kijana wa bodaboda alikuwa amechoka. Ilikuwa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari haumwachii mtu chuma chake. Fundi akachukua kipande cha waya, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, ya pili akaigusisha kwenye kikombe cha chuma kinachoshika globu. "Haya mdogo wangu, kanyaga." Taa ikawaka nyekundu kali, indiketa zikazima. "Hapa umekosa ethi tu."

Wengi wetu huuona umeme kama maji ya bomba: ukishafika kwenye taa, safari imekwisha. Kumbe umeme hutoka chanya ya betri, ukapita fyuzi, swichi na globu, na ni lazima urudi hasi. Katika pikipiki nyingi sehemu ya njia hiyo ya kurudi ni fremu yenyewe ya chuma. Skrubu moja inayoshika waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme, ikila kutu, njia imezibwa.

Sasa tazama kilichompata kijana yule. Globu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake: wa wati 5 kwa taa ya kawaida na wa wati 21 kwa breki, na zote hurudisha umeme kupitia kikombe kimoja. Kikombe kilipokosa ethi, umeme wa breki ulitafuta upenyo. Ukaingia kwenye globu za indiketa za nyuma, ambazo zilitumia ethi ileile, ukafuata waya wake hadi indiketa za mbele, na huko ndiko ulikopata fremu safi ya kurudia. Umeme uliotakiwa kuwasha globu moja ukagawanywa kwa globu tano. Ndiyo maana zote zilikuwa hoi, na dereva wa lori aliye nyuma asingejua kwamba mwenzake anasimama. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike haya.

Kutu si lazima ikate njia kabisa ndipo ilete hasara. Taa kubwa ya wati 35 kwenye volti 12 ina ukinzani wa takriban omu 4. Weka kutu yenye omu 1 tu njiani, na kwa kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, globu itabakiwa na volti kama 9 na nusu. Mwanga wa globu ya uzi hushuka haraka kuliko volti, kwa hiyo barabarani utabaki na chini ya nusu yake. Mwenye pikipiki atasema globu za siku hizi ni feki.

Mwenye mita anaweza kumkamata mwizi huyu bila kufungua kitu. Washa taa, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye kikombe cha globu. Ikisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikisoma volti 2, basi volti hizo mbili zinapotelea kwenye njia ya kurudi. Taa lazima iwe inawaka unapopima, maana umeme usipotembea, kutu haionekani kwenye mita.

Indiketa nazo zina lugha yake. Upande mmoja ukipepesa harakaharaka, mara nyingi globu moja ya upande huo imekufa. Ukiwa umeweka taa za LED na zikawaka bila kupepesa, huenda flasha yako, yaani kifaa kinachozipepesa, ni ile ya zamani yenye kibati kinachopinda kwa joto. LED hula umeme kidogo mno, kibati hakipati moto. Badilisha flasha. Na taa zinazokufa na kupona ukigeuza usukani, kagua waya shingoni mwa pikipiki, zinakokunjwa kutwa nzima: shaba hukatika ndani, plastiki ya nje ikabaki nzima.

Globu zikiungua mara kwa mara ukivuta mafuta, pima betri injini ikikimbia. Volti 14 na kidogo ni sawa. Ikipanda hadi 16, regyuleta inayodhibiti volti imekufa. Fyuzi ikikatika, tafuta waya uliochubuka. Usiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kwani kitakachoungua mara ya pili ni waya zenyewe.

Kwa kijana wa Tanga, skrubu ilitoka na unga wa kijani. Fundi akaipiga msasa pamoja na ncha ya waya hadi shaba ikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Kisha akaomba zile globu mbili zilizotolewa. Zilikuwa bado chini ya kiti, zimefungwa kwenye kitambaa. Akazigusisha kwenye betri moja baada ya nyingine, na zote mbili zikawaka.