Moshi wa jikoni hausubiri kupimwa kesho

Ukisafiri kutoka Naivasha kupitia Gilgil hadi Nakuru alfajiri au magharibi, utaona moshi ukifuka juu ya mapaa ya nyumba. Kwa wengi wetu huo ni moshi wa heri: chai inachemka, ugali unasongwa na watoto hawatalala njaa. Lakini je, umewahi kujiuliza moshi huo hubeba nini unapoingia kifuani mwa mama aliyeinamia mafiga, na mwa mtoto aliye mgongoni mwake?

Kwa miaka mingi wataalamu wamejibu swali hilo kwa mizani. Wao hunasa moshi na vumbi kwenye karatasi ya kuchujia, kisha hupima uzito wake. Wanachokiogopa zaidi ni vijichembe ambavyo upana wake hauzidi maikroni 2.5. Unywele mmoja wa kichwani huvizidi kwa unene karibu mara 30. Kwa udogo huo, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hapa kwa jirani zetu wa Laikipia, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55 kwenye ranchi ya Mpala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Waligundua kwamba moshi haukai kiwango kimoja siku nzima. Hupanda ghafla moto unapowashwa au kuni zinapochochewa, wakati ambapo mpishi yuko karibu nao kabisa. Kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyozidi kuugua maradhi ya njia ya hewa.

Uzito hautoshi

Hata hivyo, mizani haielezi yote. Vijichembe viwili vyaweza kuwa na uzito sawa na madhara tofauti. Vingine hubeba aina kali za oksijeni. Usishangae, msomaji. Oksijeni ya kawaida ndiyo uhai wetu, na hata mwili wenyewe hutengeneza kiasi kidogo cha hizo kali na kuzidhibiti. Lakini zikizidi nguvu za mwili, hushambulia seli na kusababisha uvimbe ndani ya mapafu.

Taabu ni kwamba nyingi hazidumu. Mwaka 2025, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walieleza katika jarida la Science Advances kwamba kati ya asilimia 60 na 99 ya ukali huo hutoweka katika muda wa dakika au saa chache. Karatasi ikifikishwa maabara baada ya siku kadhaa, ushahidi mwingi umekwisha potea. Ni sawa na kupima joto la chai iliyolala.

Kwa hiyo walitumia mtambo unaopima papo hapo. Huvuta hewa na kuviingiza vijichembe moja kwa moja katika maji yenye kemikali. Kemikali hiyo hung'aa kulingana na ukali uliopo, na mtambo husoma mwanga huo.

Ufanye nini nyumbani?

Mtambo kama huo ni wa watafiti, si wa kuning'inizwa jikoni. Lakini huhitaji kuungoja. Tumia kuni zilizokauka vizuri, na usiwashe moto kwa mifuko ya plastiki. Fungua dirisha na mlango, au pika nje mvua isiponyesha. Mtoto mchanga akae mbali na moto, hasa unapouwasha. Ukipata uwezo, weka jiko lenye bomba la kutolea moshi, au nunua la gesi.

Makaa hutoa moshi mchache kuliko kuni, lakini usidanganyike. Katika baridi ya Molo, usilale na jiko la makaa chumbani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Akina baba, nanyi msijitenge. Mara nyingi mwenye kushika pesa za jiko jipya siye anayevuta moshi wa jiko la zamani.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo jioni, inua macho utazame bati la jikoni mwako. Masizi yaliyogandamana pale juu ni yale yaliyokosa njia ya kuingia vifuani mwenu.