Vikorombwezo vya Magari (4): Forodha Haina Jibu, Daftari la Fundi Linalo

Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilitangazwa kama jaribio la kuipiku rekodi ya msafara wa magari 632 ya aina hiyo uliofanyika Ujerumani mwaka 2018, na tangu siku ile gumzo limekuwa la idadi tu: yalifika mangapi, yalitoka mikoa gani. Idadi hiyo imefunika swali linalotuhusu katika mfululizo huu: yameongezwa nini, na kwa nini. Aliyeyatazama magari yale kwa jicho la mfanyabiashara aliona kwamba ni vigumu kupata mawili yanayofanana. Hili lina keria ya mabomba mazito, lile limewekewa ngao mbele na winchi chini yake, jingine limeinuliwa springi na kuongezwa tenki la mafuta. Tofauti kati ya spea na kikorombwezo, yaani kitu cha kuongezea gari, tulishaimaliza katika makala zilizotangulia, na njia za mzigo kutoka Dubai na China pia, kwa hiyo sirudi huko. Ninachodai leo ni kwamba mnunuzi wa Arusha huchagua kikorombwezo kwa kuangalia kazi ya gari na njia linayopita. Mapenzi yake huja baadaye. Mtafiti wa soko anayeanza kwa kumuuliza mtu anapenda nini atapewa majibu ya adabu, na ataondoka hajui kitu.

Historia ya Land Rover yenyewe inaunga mkono hoja hii kuliko mashabiki wake wengi wanavyojua. Lilipooneshwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali kutokana na vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, na kijani chake cha mwanzo kilikuwa rangi ya ndege za kivita iliyobaki ghalani. Bei ilikuwa pauni 450, na kwa fedha hiyo mnunuzi hakupewa milango. Ndiyo, milango! Hiyo pamoja na tairi la akiba vilikuwa vya kuongeza, mpaka baadaye mwaka huohuo vilipojumuishwa na bei ikapandishwa. Mkulima aliyetaka angeweza pia kupata mhimili wa kuendeshea mashine ya kupuria au msumeno. Yaani aliuziwa injini na chesisi, kisha akaachwa aseme mwenyewe gari litamfanyia nini. Ile aluminiamu iliyofungwa kwa ribiti ikawa zawadi kwa mafundi wa huku kwetu, kwa sababu bati la ubavuni lililobonyea kwenye korongo la Simanjiro linaweza kung'olewa, kunyooshwa juu ya mbao na kufungwa tena bila mtungi wa gesi. Gari lililozaliwa likisubiri kuongezewa vitu lilipata nchi ya kuongezewa vitu.

Upande wa Mlima Meru ushahidi ni wa zamani vilevile. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa Momella na maeneo ya jirani. Watu humkumbuka John Wayne. Mimi ningemshauri mtazamaji aangalie madigadi ya lori lake. Pamefungwa kiti, na mtu anakaa nje kabisa, juu ya gurudumu, ameshika mti wenye kitanzi huku lori likimfukuza kifaru. Hilo halikuwa jambo lililobuniwa na Hollywood. Willy de Beer, mkamataji wa wanyama hai aliyekuwa na makao yake Arusha, ndiye aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo, na kazi ya kukamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo ilidai gari lenye umbo ambalo hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kikiliuza. Mbuga ya eneo hilo ilipopanuliwa mwaka 1967 na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kukamata kulikuwa kunapisha kutazama. Kiti kikatoka kwenye madigadi kikaingia ndani, na paa ndilo likawa la kukatwa.

Tazama Land Cruiser ya utalii ikiwa gereji kabla haijapakwa rangi. Chesisi imekatwa nyuma ya kabini ikaongezwa kipande ili safu moja zaidi ya viti ipatikane. Paa limegawanywa, na kila kipande kinainuka juu ya vyuma vinne ili mgeni asimame bila kuchomwa na jua. Ukingo wote umezungushiwa mpira, kwa kuwa lami inaishia geti la Ngorongoro na vumbi la kuelekea Serengeti hupenya palipo na upenyo wa kucha. Kila kiti kina soketi ya kuchajia kamera, na pembeni kunawekwa mfuko wenye maharage wa kuegemezea lenzi ndefu. Ukimuuliza mwenye gari kama anapenda maharage, atacheka. Mgeni ndiye anayeyahitaji, na mwaka 2024 waliingia nchini zaidi ya milioni 2.

Sasa mtafute mnunuzi wa vitu hivi katika takwimu. Forodha huorodhesha sehemu na vifaa vya magari chini ya namba 87.08, na humo bampa, rimu na gia vinakaa chungu kimoja. Taa ziko 85.12, vioo vya pembeni viko 70.09, viti vimetupwa pamoja na samani. Zaidi ya hayo, ngao iliyochomelewa mtaa wa Unga Limited iliingia nchini ikiwa bomba la chuma na ikatoka gereji ikiwa bidhaa, bila kuonekana popote kwenye vitabu. Marekani wana chama chao cha wafanyabiashara wa vifaa hivi, SEMA, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho kila mwaka hutoa ripoti na kuhesabu matumizi ya zaidi ya dola bilioni 50. Wapo wanaotaka tuige dodoso lao. Lakini ripoti zile zinapima taifa ambalo watu wengi hubadili gari kwa kujifurahisha, na swali lililotungwa kwa ajili ya starehe haliwezi kupima jembe.

Nitaambiwa nawasahau vijana wa mjini wenye rimu za kung'aa, tinti na muziki wa kutikisa vioo. Siwasahau. Hata hapo kazi ipo: kifodi kinachogombea abiria wa Kijenge au Ngaramtoni kinajitangaza kwa stika na taa zake, na abiria kijana hupanda kinachopendeza. Kwa magari binafsi nakubali kwamba urembo mtupu upo, na sina heshima nao sana. Taa nyeupe kali zinazompofusha dereva wa mbele barabara ya Moshi ni uchoyo uliofungwa kwa nati. Ngao nzito kwenye gari lisilotoka Njiro haizuii nyati. Inamsubiri mtembea kwa miguu, na Ulaya ilishaweka masharti juu ya ngao za namna hiyo tangu mwaka 2005.

Pingamizi lenye uzito ni la soko: kwamba ni dogo, na kwamba kazi ya gereji haina viwango. Kuhusu udogo, ARB ilianza Australia mwaka 1975 kwa kutengeneza ngao na keria za safari za nyikani, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 14. Leo inauza duniani kote, na sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 61. Mifuko yetu ni myepesi zaidi, kweli, lakini mteja wa paa la kuinuka analipwa kwa dola. Viwango ni kidonda kikubwa zaidi, lakini viwango peke yake haviokoi biashara, na ushahidi wa Arusha ni kiwanda cha matairi cha General Tyre. Serikali ilikuwa na asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kulikuwa na mashamba ya mpira ya Kihuhwi na Kalunga. Mitambo ilikuwepo na mafundi walikuwepo. Mwaka 2009 uzalishaji ukasimama, na tairi la gari linalopita mbele ya lango lile likawa la kuagizwa. Tulijua kutengeneza tairi. Kujua kwa undani nani analinunua, kwa njia gani na linachakaa baada ya safari ngapi, hatukulipa uzito uleule.

Taasisi ya TEMDO ilianzishwa kwa sheria mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, zote zikiwa Arusha, zote za usanifu wa mashine. Uwanja wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti, na magari ya kubeba wageni yatakatwa na kurefushwa kabla ya hapo. Ombi langu kwa taasisi hizo na kwa ofisi ya biashara ya jiji ni dogo: wapeni mafundi wa Unga Limited na Njiro daftari lenye safu tatu, yaani gari gani, linakwenda wapi, limeongezwa nini. Kisha mlikusanye kila mwezi. Toleo lijalo tutaanza na matairi.