Programu za kuanza zenyewe

Programu za kuanza zenyewe ni programu ambazo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta huzianzisha bila mtumiaji kuzifungua, ama kompyuta inapowashwa, ama mtumiaji anapoingia kwenye akaunti yake. Nyingi kati yake hufanya kazi chinichini, yaani hazina dirisha linaloonekana kwenye skrini. Kila moja hutumia sehemu ya kumbukumbu na ya muda wa prosesa. Baadhi hutumia pia intaneti na kumaliza kifurushi cha data bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo kuzifahamu na kuzidhibiti ni sehemu ya matunzo ya kompyuta na ya usalama wake.

Historia

Programu za chinichini ni za zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Mradi wa MAC kwenye chuo cha MIT, Marekani, waliziita "dimoni". Jina lilitokana na kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, anayechambua molekuli bila kuchoka. Jina hilo lilirithiwa na mfumo wa Unix, na hadi leo majina ya dimoni nyingi huishia kwa herufi d, kwa mfano sshd na crond.

Katika MS-DOS, amri za kutekelezwa kila kompyuta inapowashwa ziliandikwa katika faili la AUTOEXEC.BAT. Lilikuwa faili la maandishi ya kawaida, na mtumiaji aliweza kulisoma lote kwa dakika chache. Katika Windows mambo yalitawanyika: programu huweza kujiandikisha katika folda maalumu ya kuanzia, katika rejista ya mfumo, katika orodha ya huduma, au katika orodha ya kazi zilizopangiwa muda. Kwa sababu hiyo programu inaweza kukosekana katika orodha moja na bado ikawa inaanzishwa kupitia nyingine.

Aina

Kwa upande wa mtumiaji, programu hizi zinaweza kugawiwa katika makundi matatu:

- Za lazima: zinazoendesha sauti, mtandao, kipanya cha mguso au kinga dhidi ya virusi.
- Za hiari: programu za mazungumzo, za muziki, za michezo na za kutafuta masasisho. Zikizuiwa, bado zinaweza kufunguliwa kwa mkono zinapohitajika.
- Hasidi: zilizoingia bila ridhaa ya mwenye kompyuta.

Kundi la tatu ndilo linaloonyesha uzito wa suala hili. Virusi vinavyofanya kazi mara moja tu hukoma kompyuta inapozimwa. Ili vidumu, ni lazima vipate njia ya kuanza tena. Kirusi cha ILOVEYOU, kilichoenea kwa barua pepe mwezi Mei 2000, kilijiandika katika rejista ya Windows ili kianze kila mara. Conficker, iliyogunduliwa mwaka 2008, ilijisajili kama huduma ya mfumo, na baadhi ya matoleo yake yalienea pia kwa flashi, yakitumia uwezo wa Windows wa kuanzisha programu mara kifaa kinapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozima uwezo huo kwa flashi katika Windows XP na Vista.

Namna ya kudhibiti

Katika Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, programu ya Task Manager ina ukurasa wa programu za kuanza. Hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukurasa huo hutaja kila programu, mtengenezaji wake na kiasi inachochelewesha kompyuta kuwaka. Hata hivyo hauonyeshi huduma wala kazi zilizopangiwa muda. Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals, huonyesha karibu njia zote pamoja.

Katika macOS, kazi hii husimamiwa na launchd, iliyoletwa mwaka 2005. Tangu toleo la Ventura la mwaka 2022, mfumo humjulisha mtumiaji programu inapoongeza kitu cha kufanya kazi chinichini.

Katika Linux, mifumo mingi hutumia systemd, iliyoanza mwaka 2010. Hapa kuna tofauti muhimu: amri ya "systemctl stop" husimamisha huduma sasa hivi, lakini inaweza kuanza tena kompyuta ikiwashwa upya, "systemctl disable" huiondoa katika orodha ya kuanza, lakini haisimamishi ile inayoendelea.

Tahadhari

Kuzuia ni bora kuliko kufuta, kwa kuwa kilichozuiwa hurudishwa kwa urahisi. Inashauriwa kuzuia programu moja, kuwasha kompyuta upya na kutazama matokeo kabla ya kugusa nyingine. Hitilafu ikitokea, chanzo chake hujulikana. Jina pekee si ushahidi, kwani programu hasidi huweza kujipa jina linalofanana na la faili la mfumo. Ni vema kukagua pia folda ilimo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Kinga dhidi ya virusi haifai kuzuiwa kwa ajili ya kuongeza kasi tu.