Mukono ukivunjika, angalia vidole

Mutu anateleza ku ngazi ya mine, anaanguka na kiganja mbele. Mukono unapinda sawa kanya. Wengi huku Likasi wanawaza: bila operasyo, kazi imeisha.

Hapana, ndugu. Kama hakuna kidonda, mara nyingi munganga anaurudisha bila kupasua. Anapiga sindano ya kuua maumivu pale palipovunjika, mumoja anashika mukono kwa juu, mwingine anavuta vidole, mifupa inarudi. Kisha platre, wiki 5 ao 6. Hata lupitalo kidogo yenye radio inaweza hii kazi.

Hatari iko nyuma ya platre, nyumbani. Mwenzetu mumoja vidole vilivimba, vikawa baridi. Alinyamaza siku mbili, juu ya kuogopa kufukuzwa kazi. Leo hawezi kukamata nyundo. Mama, ukiona vidole vya bwana vinageuka rangi, ao anasikia ganzi, murudishe hata usiku: platre inapasuliwa kwa dakika kidogo. Pete itoke mapema, mukono ulale juu ya muto, vidole vitembezwe kila siku. Nyuma ya wiki moja, radio ingine, juu mufupa unaweza kuteleza tena.

Kidonda kikiwa wazi, hiyo ni ingine: lupitalo kubwa, mbio, na sindano ya tetanos.

Uko na kontra? Code du travail ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake. Ajali iandikwe siku ileile. Ma-creuseur hawana hiyo karatasi. Wanachangiana franka kwa franka, na sisi ku syndicat hatujawapatia jibu.